Maswali ya Wasomaji: Kitambaa cha Dari ya Gari Kinapoanguka

SWALI: Ndugu mjibu maswali, salamu. Mimi ni mstaafu ninayeishi Tanga, na nina Mercedes-Benz C-Class ya mwaka 1998 ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika Uingereza. Injini na giaboksi havijanisumbua, lakini kitambaa cha dari kimenishinda. Kilianza kuachia kwa nyuma, juu ya kioo, kikatuna kama tumbo dogo. Masika yalipokwisha kilikuwa kimeshuka hadi kugusa vichwa vya wajukuu wangu, na sasa kinaziba nusu ya kile ninachopaswa kukiona katika kioo cha kutazamia nyuma. Fundi mmoja alikipiga gundi kwa bomba la sindano na kukikandamiza kwa kiganja. Kikashika kwa majuma matatu, kisha kikaanguka chote na kuniachia madoa ya kahawia. Fundi wa pili amenishauri tukibane kwa pini za stepla. Je, kuna dawa ya kudumu? Ni lazima kioo cha mbele kitolewe? Na je, mtu mwenye nafasi na mikono mizima kama mimi anaweza kuifanya kazi hii nyumbani?
Mzee wa Tanga

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Dawa ya kudumu ipo, na kwa gari la aina yako si kawaida kioo cha mbele kuguswa. Nitaanza, hata hivyo, na jambo ambalo fundi wa kwanza hakulizingatia, kwa sababu bila kulielewa utalipia kazi ileile kwa mara ya tatu.

Dari ya gari kama lako, ambayo mafundi wengine huiita silingi, si kitambaa kilichogundishwa kwenye bati la paa. Ina tabaka tatu. La kwanza ni bamba gumu lililofinyangwa kwa umbo la paa, ambalo kwa kawaida ni la faibaglasi au la nyuzi zilizoshindiliwa pamoja. Chini yake kuna sponji nyembamba, aghalabu ya milimita 3 hivi, na chini ya sponji ndipo kilipo kitambaa unachokiona ukiinua macho. Mara nyingi kitambaa na sponji huunganishwa kiwandani kabla ya kufika kwenye gari: uso wa sponji hupitishwa kwenye mwali wa moto ukayeyuka kidogo, na kitambaa kikakandamizwa juu yake kabla haujapoa. Baadaye ndipo sponji hiyo hugundishwa kwenye bamba. Kitambaa chako, kwa hiyo, hakijawahi kuligusa bamba hata siku moja. Miaka yote hiyo kimeshikiliwa na sponji peke yake.

Sponji hiyo ni ya poliuretani, jamii ya plastiki iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Ni nyepesi na inanyumbulika vizuri, lakini joto na unyevu huimaliza. Mvuke wa maji uliomo hewani huikata polepole minyororo ya molekuli zake, na kadiri joto linavyopanda ndivyo uharibifu huo unavyokwenda kasi. Tanga inavyo vyote viwili kwa wingi. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani mchana wa kiangazi, hewa yake ya ndani huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi, na bati la paa lililo juu ya sponji hiyo huwa la moto zaidi. Usiku hewa ya bahari hurudisha unyevu, na kesho yake mambo huanza upya. Baada ya miaka sponji hulegea, hunata, na mwishowe huwa unga. Ukitaka kuhakikisha, ingiza kidole kati ya kitambaa na bamba mahali kilipoachia, kisha ukitazame kidole chako: utaona unga wa kahawia au wa rangi ya chungwa ambao huganda kwenye ngozi na huondoka kwa taabu.

Sasa utaona kilichotokea kwa ile sindano. Gundi ilishika kitambaa upande mmoja na unga upande wa pili, na unga wenyewe haukuwa umeshika kitu chochote. Wala ubora wa gundi haungesaidia, kwa kuwa hata gundi bora kuliko zote ikipakwa juu ya sponji iliyokufa itaanguka pamoja na sponji hiyo. Tena kitambaa cha dari ni chepesi, kwa hiyo gundi ya majimaji hupenya hadi upande wa pili na kutia madoa. Pini za stepla nazo huweka matundu kitambaani, hukikata uzito ukiongezeka, na huacha mifuko inayoning'inia kati ya pini na pini. Nisingekubali gari langu litobolewe namna hiyo.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kudumu ni moja tu: bamba litolewe nje ya gari, sponji yote ya zamani iondolewe mpaka bamba libaki tupu, na kitambaa kipya kilichokwisha kuunganishwa na sponji kibandikwe juu yake. Nasisitiza kwamba bamba litoke nje, kwa kuwa wapo watakaokuahidi kuimaliza kazi likiwa mahali pake. Mtu anayesugua sponji huku ameinua mikono, unga ukimwangukia machoni, atasugua hapa na kuacha pale, na pale alipoacha ndipo kitambaa kitakapoanzia kuachia tena.

Kwa mtu mwenye subira, kazi hii inawezekana nyumbani. Tenga siku mbili na utafute msaidizi mmoja, maana bamba ni refu na likishikwa upande mmoja tu hupinda na kuvunjika. Anza kwa kuchomoa waya hasi wa betri. Toa vizuia jua, taa za ndani, vishikio vya abiria na vitundikio vya nguo, kisha plastiki za nguzo zinazoshikilia paa, za mbele, za kati na za nyuma, na uchomoe mipira ya milango kwa juu, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayobana kingo za bamba. Skrubu nyingi hufichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Vifungue kwa ncha bapa iliyozungushiwa kitambaa ili usikwaruze. Kila kundi la skrubu liweke katika mfuko wake na uandike zimetoka wapi. Kabla ya kulegeza cha mwisho, msaidizi awe ameshika bamba kwa chini, na nyaya zote za taa ziwe zimeshachomolewa.

Sasa nijibu lile la kioo. Kwa sedani nyingi, viti vya mbele vikilazwa kabisa na vilaza kichwa vikitolewa, bamba huzungushwa polepole na kupitishwa kwenye mlango wa abiria wa mbele. Kwa gari lenye mlango wa nyuma unaofunguka wote, kama stesheni wagon, hupitia huko kwa urahisi zaidi. Mtu akikuambia kioo lazima kitoke, mwombe akupimie upana wa bamba na wa mlango mbele ya macho yako. Kosa lisilofaa kabisa ni kulikunja bamba ili lipite: mkunjo huo utaonekana daima chini ya kitambaa kipya, kama mstari kwenye karatasi iliyokunjwa.

Likishatoka, lilaze kwenye meza pana au juu ya magodoro, mahali penye hewa. Bandua kitambaa cha zamani taratibu, nacho ukihifadhi, kwa sababu kitakuwa kipimo chako. Kisha vaa barakoa, miwani ya kazi, glavu na shati la mikono mirefu, kwa maana unga wa sponji haufai kuvutwa puani na nyuzi za faibaglasi huwasha mwili. Sugua kwa brashi ngumu ya nailoni. Brashi ya waya nisingependa uitumie, maana huchimba bamba na kung'oa nyuzi zake. Usioshe kwa petroli wala kwa thina: zina hatari ya moto na zinaweza kulainisha gundi inayoyashikilia matabaka ya bamba lenyewe. Hii ndiyo sehemu inayochosha, na ndiyo inayoamua kama dari itadumu. Pitisha kiganja; kikitoka na unga, rudia. Mafundi wengi walioharibu kazi hii walikuwa na gundi nzuri na kitambaa kizuri, ila waliona uvivu katika saa hizi mbili za kusugua.

Bamba likiwa tupu, litazame vizuri. Penye ufa patiwe nguvu kwa upande wa juu, usioonekana, kwa kipande cha faibaglasi na gundi yake ya kugandisha. Penye madoa ya duara yenye ukingo mweusi, jua kwamba maji yamekuwa yakiingia. Hukutaja kama gari lako lina dirisha la paa. Likiwa nalo, mwaga kikombe cha maji polepole kwenye mfereji unaolizunguka uone kama yanatoka chini ya gari. Yakituama, mirija ya kutolea maji imeziba kwa vumbi na majani. Isafishe kabla ya kuendelea, la sivyo dari mpya italowa kwenye masika ya kwanza. Baadhi ya madoa uliyoyaona huenda ni ya gundi ya fundi, lakini kuhakikisha kunakugharimu maji kidogo tu.

Kuhusu kitambaa, nenda kwa wauzaji wa vifaa vya mafundi wa viti vya magari na uulize kitambaa cha dari chenye sponji mgongoni. Aghalabu huuzwa kwa upana wa sentimita 150 hivi. Pima bamba lako kwa urefu na kwa upana mahali palipo papana zaidi, ukifuata mabonde yake, na uongeze walau sentimita 10 kila upande. Usikubali kununua kitambaa cha kawaida na sponji ya godoro kando. Kwanza utakuwa na tabaka mbili za gundi badala ya moja; pili, sponji hiyo huwa nene na isiyo sawasawa, na plastiki za nguzo hazitarudi mahali pake. Usibandike pia kitambaa kitupu kwa kuokoa fedha, kwa kuwa kila kikwaruzo cha bamba kitaonekana na gundi itapenya. Chagua rangi iliyo karibu na ile ya plastiki za nguzo, na uitazame juani, kwa kuwa mwanga wa dukani hudanganya.

Gundi ni suala lenye uzito wa pekee katika mwambao wetu. Hitaji gundi ya kukutanisha, ile inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo kabla ya kubandika, na sharti iwe ya kustahimili joto la nyuzi 70 au zaidi. Soma maandishi ya kopo. Gundi za makopo ya kupuliza zinazouzwa kwa kazi za karatasi na mapambo hulainika mapema mno. Nimeona dari mpya iliyobandikwa kwa gundi kama hiyo ikishuka katika mwezi wa Januari wa kwanza. Gundi nyingi za aina hii huwa na vimumunyisho vinavyowaka, kwa hiyo pasiwe na jiko, sigara wala cheche karibu, na kazi ifanyike nje au kwenye baraza lililo wazi.

Tandaza kitambaa juu ya bamba, ukisawazishe, kisha kunja nusu ya mbele irudi nyuma, ili upulizie nusu moja ya bamba na nusu moja ya mgongo wa sponji. Pulizia tabaka mbili nyepesi, moja ya urefu na moja ya upana, badala ya moja nzito. Subiri mpaka ukigusa kwa kifundo cha kidole unasikia mnato lakini hakuna kinachokuganda. Kwa joto la Tanga huenda zikawa dakika chache tu. Hapo urudishe kitambaa kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni, ukilaza kwa kiganja kilicho wazi. Kwenye mabonde, kama yale ya vizuia jua na taa, kitambaa kishuke kwanza hadi chini ya bonde ndipo kiinuke kwenda upande wa pili. Watu hukosea kwa kukivuta kikakaza kama ngozi ya ngoma juu ya bonde. Siku hiyo hupendeza, na baada ya wiki hujitenga. Ukimaliza nusu moja, fanya nyingine, kisha kunja kingo upande wa juu na uzigundishe. Matundu ya taa yakatwe kwa wembe mpya kwa umbo la msalaba, na ncha zake zikunjwe ndani.

Acha bamba lipumzike kwa saa 24 kivulini kabla ya kulirudisha, na gari lisianikwe juani siku inayofuata. Kama gari lina dirisha la paa, kile kifuniko chake kinachosukumwa kwa mkono kibandikwe kwa kipande kilekile cha kitambaa, kwani ukikifanya mwaka ujao rangi haitalingana.

Mpaka utakapopata siku hizo mbili, mzee wangu, nakuomba usiendeshe gari huku kioo cha nyuma kimezibwa. Afadhali ukibandue kitambaa chote kwa upole na uendeshe likiwa na bamba tupu. Halipendezi, lakini utaona barabara, na wajukuu watakaa bila kufunikwa macho; ila punguza kwanza ule unga kwa brashi na kitambaa chenye unyevu ili usiwadondokee.

SWALI: Nimerithi kwa marehemu baba Volkswagen Kobe ya mwaka 1967. Dari yake imechanika juu ya kiti cha nyuma na nimeshindwa kuelewa imeshikwa na nini, kwa maana nikiisukuma kwa juu naona pako wazi. Naweza kuifuata njia ya kubandika kitambaa chenye sponji?
Kijana wa Mombasa

JIBU: Pole kwa msiba, na hongera kwa kulitunza gari la baba. Gari la aina hii ndilo lililoshinda Safari Rally ya mwaka 1962, na wapo wazee wengi katika pwani yetu ambao wangefurahi kuliona likipita.

Njia niliyomweleza mzee wa Tanga haikuhusu wewe. Gari lako halina bamba. Dari yake imetundikwa: kwa juu kitambaa, au vinili yenye vitundu vidogo, kimeshonewa mikunjo kama ya pazia, na ndani ya kila mkunjo kumepitishwa waya mgumu uliopindwa ambao ncha zake zimeingia kwenye paa pande mbili. Kingo ndizo zilizogundishwa kuzunguka madirisha, na ndiyo sababu ukisukuma unasikia pako wazi. Ukibandika kitambaa chenye sponji kwenye bati lake, gari litapata joto zaidi na kelele zaidi, na thamani yake itashuka, kwa kuwa wanaoyapenda magari haya hutazama dari mapema sana.

Nunua dari iliyoshonwa tayari kwa mwaka wa gari lako, au umpe fundi stadi wa kushona dari ya zamani aitumie kama kielelezo, kwa hiyo usiitupe hata kama imechakaa. Unapozitoa zile nyaya, zifungie karatasi yenye namba kuanzia mbele, kwa maana kila moja ina mpindo wake na hazibadilishani nafasi. Kazi hii, tofauti na ile ya kwanza, inahitaji vioo vitolewe, cha mbele, cha nyuma na vile vya pembeni, kwa kuwa kingo za dari hupita chini ya mipira yake. Kwa hiyo usiianze mwenyewe kama hujawahi kurudisha kioo. Ila una bahati moja: vioo vikiwa nje utaweza kukagua kutu iliyojificha chini ya mipira, ambayo kwa gari la Mombasa lenye umri huo ni vigumu kuikosa, na uitibu kabla dari mpya haijaingia.

SWALI: Nina BMW 3 Series ya mwaka 2003. Dari imeanguka pamoja na kitambaa cha nguzo za mbele. Fundi anataka kuanza kesho, na anasema atavika nguzo leza nene (ile ngozi ya viti) ili zisiachie tena. Niendelee?
Msomaji wa Nairobi

JIBU: Dada yangu, mwambie asubiri kidogo. Magari ya BMW ya kizazi hicho yaliwekewa mifuko ya hewa ya kulinda kichwa, ambayo imelazwa kwenye ukingo wa paa na kushuka nyuma ya plastiki za nguzo za mbele. Ajali ikitokea, mfuko hutoka kwa kuusukuma ukingo wa dari na kuipenya nafasi ya ile plastiki kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Nguzo ikivikwa leza nene iliyogundishwa hadi kwenye kingo, mfuko unaweza kuchelewa au kutoka vibaya, na hapo uzuri wa leza hautakuwa na maana. Nguzo zibandikwe kitambaa chepesi kilekile cha dari, kisivuke na kushikana na dari yenyewe.

Kabla plastiki yoyote haijaguswa, waya hasi wa betri uchomolewe na fundi asubiri walau dakika 10, ili umeme uliobaki katika mfumo wa mifuko uishe. Asipime nyaya za mfuko kwa taa ya majaribio, asichomoe wala kulegeza mrija wa mfuko, na asipulizie gundi karibu nao. Betri isirudishwe mpaka kila soketi iliyochomolewa imerudi mahali pake. Vinginevyo taa ya mifuko ya hewa itawaka kwenye dashibodi na itabidi ifutwe kwa mashine. Vibanio vya nguzo za mbele navyo havifai kurudishwa vikishavunjika au kulegea, kwa sababu ndivyo vinavyoizuia plastiki isiruke usoni mwako wakati mfuko unapofunguka. Nunua vipya kabla fundi hajaanza, na uvihesabu mwenyewe anapovirudisha.